Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya Zanzibar: hesabuni siku za kungojea majibu

Mheshimiwa Waziri wa Afya wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, Katibu Mkuu na wakurugenzi wa Wizara, madaktari dhamana wa hospitali za Unguja na Pemba, na waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi mnaopitisha bajeti ya afya,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.

Baada ya salamu, nakuandikieni juu ya jambo moja tu, nalo ni muda unaopita baina ya siku ambayo mwanamke anafika kituo cha afya akiwa na donge kwenye ziwa, au anapigwa picha ya mamografia, yaani eksirei ya ziwa, katika kampeni ya uchunguzi, na siku ambayo anaambiwa kwa uhakika kwamba ana saratani au hana. Mimi ni mkunga mstaafu wa Mkoani, Pemba. Kazi yangu ilikuwa ya uzazi, lakini mkunga wa kisiwani huonyeshwa maziwa ya wanawake kwa kila sababu, na tangu nistaafu bado hodi hubishwa mlangoni kwangu na mtu aliyeshika bahasha, akitaka nimsomee kilichoandikwa ndani. Mengi ya haya nitakayoyasema nimeyakuta kwenye bahasha hizo. Mengine nimeyasoma kwanza, ili nisije nikakulaumuni kwa jambo ambalo hata nchi tajiri zimelishindwa.

Kila ufikapo Oktoba, mwezi ambao dunia huutumia kuzungumzia saratani ya matiti, nasi huvaa utepe wa pinki, hutandaza mahema viwanjani na maskulini, na usiku taarifa ya habari hututajia idadi ya wanawake waliojitokeza. Nashukuru kwa hilo na sisemi kwa kejeli, kwa kuwa nakumbuka wakati ambapo ugonjwa huu haukutajwa hata kwa jina mbele ya watu. Hata hivyo, idadi hiyo ni ya waliopita mlangoni. Sijapata kusikia taarifa ya mwezi wa Januari ikieleza ni wangapi miongoni mwao waliotakiwa warudi kwa picha nyengine, wangapi walirudi kweli, wangapi walitolewa kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama ya ziwa cha kupimwa, na aliyepata jibu wa mwisho kabisa alilipata baada ya siku ngapi.

Shirika la Afya Duniani limeshatuwekea kipimo. Katika mwongozo wa mpango wake wa kimataifa wa saratani ya matiti, uliotolewa mwaka 2023, linazitaka nchi zihakikishe kwamba wagonjwa wasiopungua 60 katika kila 100 wanagunduliwa wakiwa katika hatua ya kwanza au ya pili, kwamba uchunguzi wote hadi jibu la mwisho unakamilika ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza, na kwamba wasiopungua 80 katika kila 100 wanamaliza matibabu waliyopangiwa. Katika tarakimu hizo tatu naishikilia ile ya katikati, kwa sababu Wizara inaweza kuanza kuipima wiki ijayo kwa daftari na kalamu, bila ya kungoja mashine wala mfadhili.

Naomba nisieleweke kwamba nataka watu wakimbizwe. Saratani ya ziwa haiui kwa wiki, na mwanamke aliyeligusa donge leo asubuhi hana haja ya kuvuka bahari usiku wa leo. Madhara huja kwa miezi. Mwaka 1999 watafiti wa Uingereza walizichambua kwa pamoja tafiti za nchi mbalimbali wakaona kwamba waliokaa miezi 3 au zaidi tangu dalili ya mwanzo hadi kutibiwa walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kuwa hai baada ya miaka 5 kuliko waliowahi. Uchambuzi mwengine uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la madaktari la BMJ ulionesha kwamba kila wiki 4 za kuchelewa upasuaji wa saratani hii huongeza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 8. Sasa mchukueni mwanamke aliyepigwa picha Shaaban na bado hajapata jibu Mfunguo Tatu, mkamfanyie hesabu hiyo. Nchini Marekani, ambako kumbukumbu za wagonjwa zinahifadhiwa vizuri, mwenye saratani ambayo haijatoka nje ya ziwa ana nafasi ya kuishi miaka 5 inayokaribia ile ya mwanamke asiye na ugonjwa; ikishatambaa mifupani, mapafuni au kwenye ini, wanaoifikia miaka hiyo 5 ni kama 3 katika kila 10.

Tumezoea kuitwika mashine lawama zote, kwa hiyo niseme kuchelewa kwenyewe kunazaliwa wapi. Upigaji wa picha hauchukui muda. Ziwa hubanwa baina ya vibao viwili, hupigwa kutoka juu, hupigwa tena kwa mshazari kutoka ubavuni, na la pili vivyo hivyo. Mwanamke huvaa nguo zake akaenda zake. Baada ya hapo picha hukaa ikimngojea daktari bingwa wa kuisoma, ambaye ndiye huyo huyo anayengojewa na picha za ajali, za vifua na za vichwa, na picha ya mtu aliyefika hospitali kwa miguu yake haiwezi kushindana na ya aliyepasuka fuvu. Ikishasomwa huandikwa ripoti, ripoti huchapishwa, hutiwa kwenye bahasha, na bahasha huwekwa kwenye droo ya mapokezi hadi mwenyewe aje kuiulizia. Mwenyewe yuko Kojani au Micheweni na hana njia ya kujua kama imeshasomwa. Akija na ikawa bado, hurudi nyumbani na nauli imeshakwenda, na mara ya pili hutafakari sana kabla ya kutoka, hasa kama haumwi na kitu.

Wifi yangu mmoja ameniruhusu niyaeleze yaliyomkuta, bila ya jina lake wala la hospitali. Alipigwa picha akiwa hana dalili yoyote, kwa sababu tu kambi ya uchunguzi ilifika karibu na kwao. Ripoti ilimfikia baada ya miezi, ukurasa mmoja wa Kiingereza. Karibu na mwisho ilikuwa imeandikwa BI-RADS 0, na chini yake mstari mmoja wa kumtaka arudi kwa picha za ziada. Aliyemkabidhi bahasha hakumwambia neno. Mumewe, ambaye si mtu asiyesoma, aliiona ile sifuri akamshukuru Mwenyezi Mungu, maana katika malaria na katika vipimo vyote tulivyovizoea, kutoonekana kitu ndiyo salama. Bahasha ikawekwa kabatini pamoja na hati ya shamba na vyeti vya watoto.

Katika utaratibu huo wa kusomea picha za maziwa, unaoanzia 0 na kuishia 6, sifuri ina maana kwamba msomaji hajaweza kukata shauri: ama ameona kitu asichoweza kukihukumu, ama picha haikutosha, na anataka picha nyengine au altrasaundi. Aliye salama huandikiwa 1, na mwenye kitu kisicho na madhara huandikiwa 2. Tarakimu 3 ni ya kuangaliwa tena baada ya muda mfupi, kwa kawaida miezi 6. 4 na 5 zinataka kinyama kichukuliwe. 6 ni ya yule ambaye saratani yake imeshathibitishwa. Hakuna sababu ya mkulima wa karafuu kuyajua haya, na wala hakuna sababu ya mkewe kukabidhiwa karatasi ambayo daktari mmoja amemwandikia daktari mwenziwe, kisha ikahesabiwa kwamba amepewa majibu. Niliikuta bahasha ile kwa bahati tu, nilipokwenda kwao harusini na nikaombwa niangalie cheti cha mtoto. Ilikuwa saratani, na kwa rehema za Mungu ilikuwa bado ndogo. Lakini altrasaundi, sindano na kila kilichofuata vilianzia kwenye kabati lile, kwa mwanamke ambaye katika hesabu za kambi alikuwa ameshaandikwa muda mrefu kuwa amechunguzwa.

Dawa ya hili haihitaji kikao cha wafadhili. Ripoti ya Kiingereza ibaki kwenye faili la daktari. Mwanamke apewe karatasi ya Kiswahili yenye jibu moja kati ya matatu: hatukuona kitu, rudi baada ya muda huu; au picha haikutosha, njoo tarehe hii kwa picha nyengine; au tumeona kitu kinachohitaji sindano, njoo tarehe hii, uonane na huyu. Tarehe iwe imeshaandikwa kabla karatasi haijatoka hospitali. Na wale wa jibu la pili na la tatu wasingojewe kuja dirishani, wapigiwe simu, na simu isipopokelewa atafutwe kupitia kwa sheha au kwa mhudumu wa afya wa shehia yake, kwa busara na kwa kumhifadhia siri yake.

Uingereza ilianza kuwaita wanawake kwa mamografia mwaka 1988. Leo mwanamke wa miaka 50 hadi 71 huitwa kila baada ya miaka 3, majibu kwa kawaida humfikia ndani ya wiki 2, na katika kila 100 wanaopigwa picha kama 4 huitwa tena, na katika kila 4 hao ni mmoja tu hivi anayekutwa na saratani. Nakutajieni hesabu hii kwa sababu inaonyesha kazi ya uchunguzi iko wapi. Imo kwa wale 4. Kambi inayowapiga picha wanawake 100 bila ya kuwawekea mapema nafasi hao 4, daktari wa kuwachoma sindano na maabara ya kukipokea kinyama, itawaondoshea wasiwasi wengi ambao hawakuwa na kitu, na itamwacha yule mmoja aliyekuja kutafutwa akizunguka na bahasha yake.

Kuna na jambo jengine ambalo linanikera zaidi, kwa sababu linatendwa kwa nia njema. Mwanamke mwenye donge analoligusa kwa mkono wake hupangwa foleni moja na asiye na dalili, akaambiwa asubiri mamografia. Huyu wa kwanza hakuja kujihadhari tu, huyu ni mgonjwa hadi ithibitike kuwa siye. Mamografia hukosa kuiona takriban saratani 1 katika kila 8, kwa hiyo picha safi haimtoi hatiani mtu mwenye donge. Na kwa wanawake wenye umri mdogo hukosa zaidi, kwa kuwa ziwa la kijana limejaa nyama nzito ambayo kwenye picha huonekana nyeupe, na donge nalo huonekana jeupe. Katika bara letu sehemu kubwa ya wagonjwa hawajafika miaka 50. Kwa aliye chini ya miaka 30, altrasaundi ndiyo kipimo cha kuanzia, na mashine za altrasaundi tunazo katika hospitali nyingi ambako kutwa zinaangalia mimba. Kinachotakiwa ni kuwafunza wanaozitumia kuangalia na ziwa, na kumfundisha daktari wa wilaya kuifuata sindano yake kwenye kioo hicho hicho.

Mama anayenyonyesha ndiye anayepotea kirahisi kuliko wote. Hakuna aliyekaa wodi ya wazazi asiyemjua mwanamke aliyeambiwa maziwa yamegandia, akandwe kwa maji ya moto, apewe antibiotiki, na akarudi tena akapewa antibiotiki za aina nyengine. Mara nyingi ni kweli maziwa yamegandia. Lakini iwekwe amri ya maandishi katika kila kituo cha afya: uvimbe usiopungua wiki 2 baada ya dawa haupewi dawa ya pili, unapelekwa kwenye altrasaundi.

Sasa kinyama. Hapa ndipo miezi mingi inapoyeyuka, na ndipo pasipopigwa picha na waandishi wa habari. Saratani haithibitishwi kwa mamografia wala kwa mkono wa daktari hata awe bingwa wa namna gani. Huthibitishwa na vipande vyembamba vya nyama vilivyotolewa kwa sindano baada ya ganzi, vikaangaliwa kwenye darubini na mtaalamu wa patholojia. Vipande hivyo vina masharti yake. Vinatakiwa kuzama kwenye formalini ya asilimia 10, maji ya dawa ya kuhifadhia nyama, ndani ya saa moja tangu vitolewe, vikae humo si chini ya saa 6, na visizidi saa 72 kabla ya kushughulikiwa, kwa sababu vikikauka au vikikaa mno vipimo vya baadaye huweza kutoa jibu la uongo. Vipimo hivyo ni vya kujua kama saratani ina vipokezi vya homoni, yaani inakuzwa na homoni za mwili, na kama ina kwa wingi protini iitwayo HER2, inayoifanya ikue haraka. Mwenye vipokezi anaweza kutibiwa kwa tamoksifeni, vidonge vya bei nafuu vinavyomezwa kwa miaka 5 au zaidi. Asiye navyo vidonge hivyo havimfai kitu. Kwa hiyo kichupa kilichoharibika njiani hakicheleweshi jibu tu, kinaweza kumnyima mtu dawa ambayo ingemwokoa, au kumpa isiyomfaa.

Nimemwona kijana kwenye boti ya Unguja ameshika magotini mfuko wa karatasi, na ndani ya mfuko kichupa cha mamaake. Kizibo kilikuwa kimezungushiwa plasta, maji ya dawa yalikuwa yamevuja kidogo na kuutia doa mfuko, na majina mawili yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino yalikuwa yameanza kufutika. Majina yenyewe ni ya kawaida mno kwetu, hata katika boti ile ile wangeweza kupatikana wengine wawili watatu wenye nayo. Hakuwa na karatasi iliyomtaja wa kumpokea. Alikuwa ameambiwa tu afike maabara aulize. Sijui ni nani aliyeona kwamba huo ni utaratibu. Makohozi ya kifua kikuu na damu za wanaoishi na virusi vya UKIMWI tumeshajifunza kuzisafirisha kwa sanduku, kwa daftari na kwa saini za pande mbili. Kinyama cha ziwa kiingie kwenye sanduku hilo hilo, siku maalumu kila wiki, kutoka Pemba kwenda kunakosomwa, na jibu lirudi kwa njia ya mtandao siku linapotoka, lisingojee mtu wa kuja kulichukua.

Najua litakalosemwa, kwa sababu nimelisikia katika mikutano mingi: wanawake wetu wanachelewa wenyewe. Wanakunywa kombe kwanza, wanabandika majani, wanasema ni husda, wanaogopa kwamba sindano italiamsha donge, wanangoja mume arudi kutoka dago, kambi ya wavuvi. Yapo yote hayo, na mimi nimebishana na baadhi yao hadi usiku. Sindano haijaonekana kumfupishia mgonjwa maisha, na hilo linastahili kusemwa redioni kila wiki, na maimamu wakikubali, hata misikitini baada ya sala. Lakini hofu hulishwa na yale watu wanayoyaona. Jirani akimwona mwenzake amekwenda hospitali na donge dogo, akazungushwa mwaka mzima, akafa, atakalolikumbuka ni kwamba alikwenda hospitali akafa. Utafiti uliowafuatilia wagonjwa wa saratani hii katika Namibia, Nigeria, Afrika Kusini, Uganda na Zambia uliona kwamba baada ya miaka 3 nusu yao tu ndio waliokuwa hai, na kwamba kiasi cha kati ya robo na thuluthi moja ya vifo, au zaidi kidogo, vingeweza kuepukwa kwa ugunduzi wa mapema na matibabu bora. Mapema hapo si ya mgonjwa peke yake.

Jambo dogo ambalo si dogo: mpigaji picha awe mwanamke, na pawe na pazia linalofunga. Nimesikia kwa masikio yangu mwanamke akisema bora afe kuliko kuvua mbele ya kijana aliye rika la mwanawe. Mkitaka kumlaumu, mlaumuni, lakini mpangieni zamu mpigaji picha mwanamke.

Wapo watakaokushaurini mnunue mashine zaidi za mamografia, mkate utepe Pemba na Unguja. Sipingi mashine. Lakini kuongeza mashine wakati msomaji wa picha ni yule yule ni kuongeza ndoo kisimani huku kamba ikiwa moja. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika msimamo wake wa mwaka 2014, lilieleza kwamba pale ambapo mfumo wa afya bado dhaifu, kuwapiga picha wanawake wote wasio na dalili hakulipi gharama yake, na kwamba fedha zielekezwe kwanza katika kuwatambua mapema wenye dalili na kuwatibu bila ya kuchelewa. Mjini Mumbai, India, wahudumu wa afya waliofunzwa waliwapima kwa mikono wanawake kila baada ya miaka 2, katika utafiti uliowahusisha wanawake wapatao 150,000 kwa jumla na uliofuatiliwa kwa miaka 20. Saratani zilikamatwa katika hatua za mapema zaidi, na kwa wenye umri wa miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Hapakuwa na mamografia katika upimaji huo. Palikuwa na mikono iliyofunzwa na njia iliyo wazi ya kumfikisha mwenye donge kwa daktari.

Mikono hiyo tunaweza kuwa nayo. Wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya wanabisha hodi majumbani katika wilaya zote, simu mkononi, wakifuatilia wajawazito na watoto. Akiongezewa kila mmoja swali moja la donge na njia moja ya kutuma rufaa, na muuguzi mmoja katika kila hospitali ya wilaya akapewa daftari la wenye donge kuwa ndiyo kazi yake, tutakuwa tumeshapata nusu ya tunachokitaka. Huyo muuguzi ndiye ninayemtaka zaidi ya kitu chengine chochote katika barua hii. Awe na jina linalojulikana, awe na simu ya kazi yenye salio, na awe na mamlaka ya kumuuliza bingwa: picha ya fulani ina siku ya kumi na nane, imesomwa? Leo hakuna anayeulizwa swali hilo, kwa hiyo hakuna anayelijibu. Mapokezi wanasema picha haijasomwa, wa picha wanasema ripoti imeshashuka, maabara wanasema kinyama hakijafika, na kila mmoja wao anasema kweli.

Kuhusu fedha nitasema kidogo, kwa kuwa nyinyi mnazijua kuliko mimi. Tangu mwaka 1964 msimamo wa nchi hii ni kwamba mgonjwa hatozwi kwa kuumwa, na Mfuko wa Huduma za Afya ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2023 umetupa chombo kipya cha kulipia matibabu. Gharama inayomrudisha nyuma mwanamke wa Pemba mara nyingi si ya kipimo. Ni boti, ni mahali pa kulala Unguja, ni mtu wa kufuatana naye, ni nani atapika nyumbani. Na akithibitika na kutakiwa mionzi, ni Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road, kwa wiki kadhaa mfululizo. Pemba ina watu zaidi ya 543,000 kwa sensa ya mwaka 2022. Nauli na malazi ya mgonjwa anayechunguzwa saratani na ya mtu mmoja wa kumsindikiza iwe ni sehemu ya huduma inayolipiwa, tangu siku ya rufaa ya kwanza, asingojee hadi athibitike, kwa sababu kuthibitika ndiko hasa anakokusafiria.

Waheshimiwa wajumbe wa Baraza, ombi langu kwenu ni jepesi kuliko la wengine. Bajeti ya Wizara ya Afya itakapofikishwa mbele yenu, ulizeni tarakimu tatu na msikubali kujibiwa kwa idadi ya waliochunguzwa: mwaka uliopita ni wanawake wangapi waliofika na donge au walioitwa tena baada ya picha, wangapi kati yao walipata jibu la kinyama ndani ya siku 60, na wale waliobaki wako wapi. Ulizeni za Unguja peke yake na za Pemba peke yake, maana zikichanganywa Pemba hupotea humo. Tarakimu zikiwa mbaya, zitangazwe hivyo hivyo zilivyo. Mwaka wa kwanza hatutarajii ziwe nzuri.

Na kwako Mheshimiwa Waziri, naomba kabla ya kambi za Oktoba ijayo utoe waraka kwamba hakuna kambi ya mamografia itakayoruhusiwa kufunguliwa, iwe ya Serikali, ya jumuiya au ya wageni wanaotuletea msaada, bila ya kuonyesha kwa maandishi nani atasoma picha na ndani ya siku ngapi, nani atawapigia simu watakaotakiwa kurudi, na kinyama kitasomwa wapi. Rasimu ya karatasi ya Kiswahili ya majibu nimeshaiandika, kwa msaada wa wauguzi wawili vijana ambao bado wako kazini. Ina maneno yasiyozidi nusu ukurasa, na nimewasomea wanawake wa shehia yangu hadi wakaielewa bila ya kuuliza. Nitaileta afisi ya Wizara ya Pemba, na naomba anayeipokea anipe saini na tarehe.

Wenu mtiifu,

Mkunga mstaafu,
Mkoani, Mkoa wa Kusini Pemba